Tone, chozi, wingu: uchache wa vimiminika katika Kifaransa

Mwanafunzi wa Kifaransa huanza na un peu (kidogo) na une goutte (tone), na kwa miezi mingi hahitaji zaidi. Kazi huja anapofungua kitabu cha mapishi au anapoketi mezani na Wafaransa. Huko karibu kila kimiminika kina neno lake la uchache, na ukilipeleka kwenye kingine, linagoma.

Kwa hiyo mimi sifundishi maneno haya kwa kuyapanga kutoka dogo hadi kubwa. Nafundisha jozi: neno na kimiminika chake, vikaririwe pamoja.

Chukua filet, neno lililotokana na fil, yaani uzi. Un filet d'huile d'olive ni mafuta yanayotoka chupani membamba, bila kukatika, huku mkono ukizunguka juu ya saladi. Limau na siki pia huchukua filet, na bomba lenye presha ndogo hutoa un filet d'eau. Linalotajwa hapo ni umbo la mmimino. Kiasi unakadiria mwenyewe. Maziwa kwenye chai, hata ukiyamimina membamba vipi, ni un nuage de lait, wingu. Kwetu chai huchemshwa na maziwa yake humo humo, hivyo darasani namimina maziwa baridi kwenye glasi ya chai ya rangi. Yanazama, yanapanda, yanatanda. Baada ya hapo nuage halimtoki mtu kichwani.

Kwenye vileo utasikia un doigt de porto, yaani kina cha unene wa kidole kilicholazwa ubavuni mwa glasi, kuanzia kitakoni. Une larme de cognac ni chozi. Mgeni akisema «juste une larme», amekubali kinywaji kwa adabu. Soupçon, ambalo maana yake ya kawaida ni shaka, halichagui sana: maziwa, siki, hata kitunguu saumu. Kuna pia un chouïa, yaani kidogo, la mitaani, lililotoka Kiarabu cha Maghreb, Afrika Kaskazini. Waliokaa Oman watalitambua mara moja, ila usiliandike kwenye mtihani.

Gorgée ni funda. Rasade huwapotosha wengi, kwani hiyo ni glasi iliyojazwa hadi ukingoni.

Goutte lenyewe lina sura mbili. Mezani ni makadirio. Kwenye cheti cha daktari, vingt gouttes ni matone 20, yahesabiwe moja moja. Wauguzi mnaokwenda kufanya kazi Bujumbura au Kinshasa, shikeni hilo, pamoja na goutte-à-goutte, yaani dripu.

Maneno yote haya hufuatwa na de tupu, bila le au la: une goutte de lait, un filet d'huile. Ukisema une goutte du lait (du ni de na le), msikilizaji atasubiri umwambie ni maziwa yapi: du lait que tu as acheté, yale uliyonunua.