Gugumaji halisafishi ziwa

Kando ya Ziwa Victoria wapo wanaosema gugumaji, mmea unaoelea majini, linafyonza uchafu, basi liachwe lifanye kazi yake. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mizizi yake myeusi, yenye vinyweleo kama manyoya, hufyonza virutubisho vya naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye maji taka. Lakini lisipovunwa hufa, huzama na kuoza humo humo. Virutubisho hurudi majini, na kuoza huko humaliza oksijeni ya samaki. Usafi gani huo? Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mitumbwi hunasa ndani ya gugumaji, na konokono wa kichocho hupata maficho. Likitoweka Kisumu ghafla, mara nyingi ni upepo umelisukuma kwingine; mbegu zimebaki topeni, na huishi miaka mingi.