Kolo kwa baiskeli na familia: yanayosemwa na hali ilivyo

Sisi watu wa Dodoma tuna urithi wa dunia pale Kondoa alafu wengi tunaujua kwa maneno ya kijiweni tu. Kila nikisema familia inaweza kwenda Kolo, kijiji cha Kondoa, kuona michoro ya kale ya mapangoni kwa siku moja na baiskeli juu, naambiwa yale yale, kwa hiyo leo nayajibu.

Eti Kolo hapafikiki bila lendikruza. Hiyo ilikuwa zamani jamani. Lami ya Dodoma kwenda Babati inapita Kondoa, kama kilomita 160 kutoka hapa, na Kolo iko mbele kidogo ya Kondoa mjini hapo hapo barabarani, kwa hiyo mnaondoka alfajiri, baiskeli zinafungwa juu ya gari, mkifika Kolo mnashusha na kuanza kunyonga. Kwanza mnapita ofisi ya Mambo ya Kale mnalipia na kupewa mwongozaji, msijiendee wenyewe hata kama njia mnaijua. Kutoka hapo ni barabara ya vumbi, mashamba huku na huku, kuna sehemu za mchanga mzito mtashuka na kukokota. Baiskeli zinabaki chini ya kilima, juu ni kwa miguu na kuna mwinuko wa kweli. Mtoto anayeendesha mwenyewe vizuri anaweza, mdogo zaidi anakaa kwenye keria ya baba au mama, ila miba ya kule haina huruma, beba pampu, viraka na solusheni.

Kingine watu wanadhani mtazunguka mapango yote siku hiyo hiyo. Hamtaweza. Eneo lina kilomita za mraba 2,336 na miamba yenye michoro inazidi 150, imetawanyika kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa. Chagueni ya Kolo tu, inatosha kabisa.

Alafu kuna hili la nani alichora. Nimesikia Wareno, Waarabu, Wajerumani, yaani yeyote yule ilimradi asiwe mtu wa hapa! Michoro myekundu, ile ya watu warefu wembamba na wanyama kama twiga na tembo, inahusishwa na wawindaji na waokota matunda wa kale, na watafiti wengi wanawaona Wasandawe na Wahadzabe kuwa ndo ndugu wa karibu wa wachoraji wale. Rangi nyekundu inatokana na udongo wenye madini ya chuma. Ile myeupe, minene minene, kwa kawaida ni ya baadaye, kazi ya wakulima na wafugaji. Na watu walikuwepo eneo hili zamani mno, pale Kisese, moja ya miamba ya eneo hili, zimechimbuliwa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja na mumewe Louis mwaka 1951 wakanakili michoro mingi sana, lakini kunakili sio kugundua, wenyeji walikuwa wanaijua siku zote.

Pale Kolo kuna picha moja muwaoneshe watoto taratibu: watu watano wamesimama, wa katikati anavutwa mikono, wawili upande huu wawili upande ule. Wengi wanasema ni mwanamke anatekwa. Wengine wanasema ni ngoma ya uganga. Hakuna aliyethibitisha, waacheni watoto wabishane wenyewe.

Sasa hili la dhahabu ndo linaniuma. Kwa kuwa Wajerumani na jeshi la Waingereza kutoka Afrika Kusini walipigana Kondoa mwaka 1916, watu wanaamini Wajerumani walifukia mali pale na michoro ni ramani. Michoro ilikuwepo karne nyingi kabla Mjerumani hajafika, itakuwaje ramani ya mali yake? Lakini watu wamechimba mashimo chini ya miamba, na kila shimo linavuruga tabaka za udongo ambazo ndo zingetuambia nani aliishi pale na lini, zikishavurugwa hazirudi tena.

Inayofuata kwa ubaya ni ya kumwagia maji ili picha ing'ae kwenye simu. Ni kweli inang'aa, kwa dakika chache. Maji yanaondoka na rangi kidogo kidogo na yanatoa chumvi ya ndani ya jiwe, ikikauka inabaki utando mweupe juu ya mchoro. Mwanao akitaka kugusa mshike mkono, jasho na mafuta ya vidole navyo vinaharibu. Subirini mwanga ugeuke, mtaona vizuri tu.

Mwisho kuna wanaosema pale ni pa mashetani usipeleke watoto, na wengine kwamba ni magofu tu yaliyokufa. Wote hapana. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo Warangi, wenyeji wa Kondoa, wameendelea kuomba mvua na kufanya matambiko ya uponyaji, na UNESCO walipoiandikisha michoro ya Kondoa mwaka 2006 walizingatia pia mila hizo zilizo hai. Mkikuta vitu vya tambiko msiviguse wala kuvipiga picha, mwongozaji akisema hapa tusubiri, subirini.

Nendeni kiangazi, Juni mpaka Oktoba pazuri, masika njia zinateleza na makorongo yanajaa ghafla. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha kutoka Kolo kijijini maana kule juu hamna duka, na mshuke kilimani mapema mfike barabarani kabla giza halijaingia.