Je, wajua motoka ya miaka 15 inavyofika Lubumbashi na kilomita 68,000 tu?

Pita kwenye maparki ya kuuzia magari ya Lubumbashi, huku Kongo, utaziona: Toyota imeoshwa, tairi zimepakwa mafuta zing'ae, na nyuma ya kioo cha mbele kuna kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu nene "68,000 km". Komisioneri, yaani dalali, atakufungulia mlango, atawasha swichi, ataonyesha kwa kidole tablo, ile dashibodi yenye namba za kilomita. "Papa, ona mwenyewe. Bado mpya."

Fanya hesabu kabla ya kuonyesha dola. Gari la familia Japani hutembea takriban kilomita 8,000 hadi 10,000 kwa mwaka. Kwa miaka 15, hizo ni kilomita 120,000 hadi 150,000. Ni kweli, huko kuna wazee wanaotoa gari mara moja kwa juma kwenda dukani, na motoka zao hufika huku zikiwa na kilomita chache za haki. Ila wazee hao wangekuwa wengi kama matangazo yanavyodai, Japani isingekuwa na vijana.

Basi kilomita nyingine zilikwenda wapi?

Zamani ilikuwa kazi ya mikono. Waya mrefu ulitoka kwenye giaboksi hadi kwenye tablo, ukazungusha magurudumu madogo yenye namba. Mtu aliyetaka kudanganya alizungusha waya huo kinyume kwa drili, au alifungua tablo na kusogeza namba kwa bisibisi. Magurudumu hayo yalibaki na alama: namba moja imepanda kidogo, nyingine imeshuka, mstari haunyooki. Siku hizi namba ni za taa na hukaa zimenyooka hata zikiwa za uongo.

Kwenye gari la tablo ya dijitali, fundi hufungua plastiki inayoizunguka tablo, kisha skrubu tatu au nne, kisha anachomoa soketi za nyuma. Ndani, juu ya sakiti, kuna kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya mahindi. Hiyo ni memori ya EEPROM, ile inayoshika kilomita hata betri ikitolewa. Kwenye tablo nyingi za Toyota imeandikwa 93C46, 93C56 au 93C66. Fundi huibana kwa kibanio au huing'oa kwa solda, anaiunganisha na kompyuta, na kwenye skrini inatokea mistari ya herufi na namba. Anabadilisha mistari michache, anaandika upya, anarudisha kila kitu mahali pake. Nusu saa imetosha. Kwenye magari mengine hafungui hata skrubu moja: anachomeka kifaa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea hitilafu za gari, chini ya usukani, anaandika namba anayoitaka, basi.

Kazi hiyo inaweza kufanyika popote kati ya bandari na parki, na mara nyingi muuzaji wa mwisho naye alidanganywa. Usianze kwa kumwita mwizi. Anza kwa kukagua motoka.

Hasara yenyewe si bei peke yake. Chukua Prado yenye injini ya dizeli 1KZ-TE, au Hiace yenye 5L, au Land Cruiser yenye 1HZ. Zote hizo zina mkanda wa timing, ule unaofanya vali na pistoni ziende kwa zamu, na kwa kawaida Toyota inataka ubadilishwe kwenye kilomita 100,000. Ikifika hapo, kwenye tablo huwaka taa iliyoandikwa T-BELT. Sasa mtu amerudisha 140,000 kuwa 68,000. Taa inategemea kilomita za tablo, kwa hiyo imezimika. Wewe unadhani mkanda una kilomita 32,000 za kuishi, kumbe ulipaswa kutupwa zamani. Ukikatika barabarani kuelekea Likasi, vali hugongana na pistoni, na hapo hulipii mkanda tena: unalipia silinda hedi, vali, na pengine injini nzima. Magari madogo ya petroli yenye 1NZ-FE au 1ZZ-FE yana cheni badala ya mkanda, kwa hiyo hatari hiyo hayana, ingawa oili ya giaboksi na vinavyochakaa havijali tablo inasema nini.

Lubumbashi ina mlango wake wa pekee wa udanganyifu huu: usukani. Japani, Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto, sisi huendesha kulia. Magari mengi hufika usukani ukiwa kulia na wengine huuhamisha kushoto. Kazi hiyo inalazimu tablo itolewe, nyaya zirefushwe, na mara nyingi tablo nyingine kabisa iwekwe, yenye kilomita za motoka nyingine. Hapo namba inaweza kuwa ya uongo bila mtu kukusudia uongo. Kwa hiyo gari lililohamishwa usukani lihesabu kuwa halina kilomita zinazojulikana, hata muuzaji awe mwaminifu namna gani.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho watu hukisahau. Uliza motoka ilikujaje. Kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola hadi Kasumbalesa na mjini ni karibu kilomita 2,000. Ikiwa ililetwa na dereva kwa magurudumu yake, basi tablo lazima iwe juu kwa kiasi hicho kuliko karatasi za Japani. Ukiambiwa iliendeshwa yote, halafu tofauti ni kilomita 20, kuna aliyechomoa sensa ya mwendo njiani au aliyegusa tablo baadaye. Kama ilibebwa juu ya lori, sawa, tofauti itakuwa ndogo. Muhimu maelezo na namba vikubaliane.

Kisha fungua boneti, utafute stika. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda au oili ana desturi ya kubandika karatasi ndogo: juu ya kifuniko cha mkanda, kwenye radieta, au pembeni mwa mlango wa dereva. Si lazima uzijue herufi za Kijapani, ila tatu tu: 年 ni mwaka, 月 ni mwezi, 日 ni siku. Tuseme imeandikwa 28年 6月 10日 na chini yake 101,450 km. Ile 28 ni mwaka wa utawala wa Heisei. Jumlisha 1988, upate 2016. Kuanzia Mei 2019 ulianza utawala wa Reiwa, na hapo unajumlisha 2018: mwaka wa 3 ni 2021. Hivyo stika hiyo inasema kwamba Juni 2016 motoka hii ilikuwa tayari imepita kilomita laki moja. Tablo ikikuonyesha 87,000, mazungumzo yamekwisha. Angalizo moja: stika za oili mara nyingi huandika kilomita za kubadilisha safari ijayo, si za siku ile, kwa hiyo huzidi kwa elfu tatu au tano. Na ukikuta mahali palipong'olewa stika, gundi bado inanata na vumbi limeshika umbo la mraba, jiulize ni nani aliyeona kazi ya kung'oa karatasi ya oili kwenye motoka ya kuuza.

Alama za uchakavu kila mtu anazijua, kwa hiyo kwa ufupi. Mpira wa pedali ya breki ulioisha hadi chuma haulingani na kilomita 60,000. Mpira mpya kabisa ndani ya gari la zamani nao haulingani. Tazama ubavu wa kiti cha dereva upande wa mlango, ngozi ya usukani, kichwa cha gia. Pitisha kucha kwenye ukingo wa diski ya breki: ukihisi ngazi nene, diski hiyo imeliwa sana. Skrubu za tablo zikiwa na mikwaruzo, au kukiwa na alama ya kidole upande wa ndani wa kioo chake, ilifunguliwa.

Kipimo kinachonoga kwa magari mapya kidogo ni cha simu. Nunua kile kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, ukichomeke kwenye soketi ya OBD, ufungue programu ya bure. Tafuta mstari unaoonyesha umbali uliotembewa tangu hitilafu zifutwe mara ya mwisho. Namba hiyo haikai kwenye tablo. Inakaa kwenye kompyuta ya injini, na wengi wanaorudisha kilomita huisahau. Huweza kufika hadi 65,535. Motoka ya tablo 48,000 ikikuambia imetembea 61,000 tangu hitilafu zifutwe, imejishtaki yenyewe. Ikionyesha 12, maana yake mtu amefuta juzi tu. Si ushahidi wa kilomita, lakini uliza alikuwa anaficha taa gani. Magari ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi mengi hayajibu swali hilo, kwa hiyo kimya chake kisikutishe.

Kwenye karatasi, ile ya maana ni cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje. Kinabeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serkali, ambao kwa gari binafsi hufanyika baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila miaka 2. Dai cheti chenyewe cha Kijapani. Tafsiri peke yake haitoshi, maana inaweza kuchapwa na yeyote mwenye printa. Karatasi ya mnada wa Japani ambako motoka ilinunuliwa nayo inasaidia: daraja la R au RA ni motoka iliyogongwa na kutengenezwa, na maneno 走行不明 ni tangazo la mnada kwamba kilomita hazijulikani.

Za kutoka Ubelgiji ni rahisi zaidi. Tangu Desemba 2006, muuzaji huko hulazimika kumpa mnunuzi wa gari lililotumika hati ya Car-Pass, yenye orodha ya kilomita zilizoandikwa na magaraji kila gari lilipoingia kazini. Motoka ya Ubelgiji isiyo nayo, uliza kwa nini. Na zile za Marekani au Uingereza zina mtego wa kijinga kabisa: tablo inahesabu maili. Maili 90,000 ni karibu kilomita 145,000, lakini kwenye parki husomwa "tisini elfu" bila aibu.

Hata kilomita za kweli zinaweza kukupoteza. Hilux na Land Cruiser zinazouzwa na makampuni ya migodi huwa na kilomita chache za haki, ila injini ilinguruma saa nyingi gari likiwa limesimama, kiyoyozi kinafanya kazi, dereva anangoja. Wapo mafundi wanaohesabu saa moja ya kunguruma kama kilomita 40 au 50 za kutembea. Kwa hizo uliza saa za injini na daftari la oili.

Sheria inasemaje? Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo ndiyo kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika, wanazoziita vices cachés. Mnunuzi anaweza kurudisha kitu na kurudishiwa bei, au kubaki nacho na kurudishiwa sehemu ya bei. Muuzaji aliyeijua kasoro analipa pia fidia, na maneno "inauzwa jinsi ilivyo" hayamkingi. Lakini kasoro inayoonekana kwa macho haihesabiwi, na mashtaka yanapaswa kufunguliwa ndani ya muda mfupi. Hadaa nayo, dol, inavunja mkataba. Ila hadaa haidhaniwi, lazima ithibitishwe.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama: mkononi wana risiti yenye jina, namba ya chasi na bei. Kilomita hazimo. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu dola, ongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya mauziano: "Muuzaji anathibitisha kwamba kilomita 68,412 zinazoonekana kwenye tablo ni za kweli, na kwamba tablo haijabadilishwa." Aweke sahihi chini ya mstari huo, na shahidi pia. Piga picha ya tablo ikiwaka na ya namba ya chasi siku ileile. Muuzaji aliyekuwa anaapa kwa jina la mama yake akikataa kusaini mstari huo, amekwisha kukujibu. Wengine hukubali kuandika "kilomita hazijulikani", na hiyo ni biashara halali, bora bei ishuke kulingana.

Na kama motoka ni yako tayari na una shaka? Ihesabu kuwa haijawahi kufanyiwa kazi. Kwa injini ya mkanda, badilisha mkanda, roli zake na pampu ya maji pamoja, kwa sababu kwenye baadhi ya injini pampu iko nyuma ya mkanda uleule na kuifungua tena ni kulipa fundi mara mbili. Oili ya injini na filta, oili ya giaboksi na ya difu, maji ya breki, maji ya radieta. Kazi ikiisha, chukua kalamu ya rangi na uandike juu ya kifuniko cha mkanda: tarehe, na kilomita za siku hiyo.