Makachu ya Forodhani na dhana potofu kuhusu kuanguka

Vijana wanaopiga makachu, yaani wanaochupa baharini kwa mbwembwe, kwenye ukingo wa Forodhani, Unguja, huanza mbio zao mbali na ukingo, na watazamaji wengi huamini kwamba anayekimbia zaidi hukaa hewani muda mrefu kuliko anayechupa kwa hatua moja. Sivyo. Tuchukulie kwamba ukingo uko mita 5 juu ya maji, na kwamba wote wawili wanatoka kwa mwendo wa mlalo bila kujirusha juu: kila mmoja atagusa maji baada ya takriban sekunde 1. Aliyekimbia mita 5 kwa sekunde atatua mita 5 mbele na mwenzake, aliyetoka kwa mita 1 kwa sekunde, mita 1 tu, lakini muda wao ni ule ule, kwa kuwa mwendo wa kwenda mbele hauzuii wala hauchelewishi mwendo wa kushuka. Kinachobadilisha muda huo ni kimo, na kimo hubadilishwa na bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Unguja hukaribia mita 4. Maji yakijaa hata ukingo ukabaki mita 2 tu juu yake, safari ya hewani hupungua ikawa kama sekunde 0.6.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba mrukaji huwa bado ana nguvu ya zile mbio inayomsukuma, na kwamba huanza kuanguka pale nguvu hiyo inapomwishia. Ukweli ni kwamba mguu ukishaachana na ukingo hakuna tena kinachomsukuma mbele. Huendelea mbele kwa sababu kitu kilicho katika mwendo hubaki na mwendo wake mpaka kani fulani, yaani msukumo au mvuto, iubadilishe, na kani pekee ya kuhesabiwa hapo, tukiacha upinzani mdogo wa hewa, ni uvutano wa dunia. Kani hiyo humvuta chini tangu anapoondoka, hata pale juu kabisa anapoonekana kama amesimama, na kila sekunde hubadilisha kasi yake ya wima kwa mita 9.8 kwa sekunde. Ndiyo maana njia yake ni mkunjo mmoja laini, ule ambao mwanasayansi Galileo aliueleza katika maandishi yake ya mwaka 1638, wala si mstari ulionyooka unaovunjika ghafla.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa anayejipindua hewani. Akijikunja magoti kifuani huzunguka haraka, akijinyoosha huzunguka polepole, lakini kwa yote hayo kitovu cha uzito wake hakitoki katika njia iliyokwishaamuliwa mguu ulipoacha ukingo.

Kuhusu uzito, wapo wanaodhani kizito huanguka haraka zaidi, lakini nazi pevu na kidaka, yaani nazi changa, vikiachiwa pamoja kutoka mita 10 hufika chini karibu kwa pamoja, baada ya kama sekunde 1.4. Nazi huvutwa kwa kani kubwa zaidi, lakini pia ni vigumu zaidi kuiongezea kasi, na mambo hayo mawili hulingana kabisa. Kuti hukawia kwa sababu ya hewa tu. Mwezini, pasipo hewa, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwaka 1971 vikatua pamoja.

Waliosoma mada hii sekondari hukumbuka kwamba pembe ya nyuzi 45 ndiyo inayofikisha mbali. Kanuni hiyo ni sahihi pale tu kitu kinapotua usawa ule ule kilikorushwa na hewa haihesabiwi. Kwa mrukaji wetu wa mita 5 kwa sekunde, pembe bora ni takriban nyuzi 24, nayo humfikisha kama mita 5.7, akijirusha kwa nyuzi 45 atafika mita 5.1, yaani karibu pale pale ambapo angetua kwa kutoka mlalo.