Kukausha kwa Kugandisha: Barafu Inavyogeuka Mvuke Bila Kupitia Maji

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sababu maji ya chai hapa huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Mombasa hungoja 100. Shinikizo la hewa likipungua, maji hugeuka mvuke kwa joto dogo. Lishushe hadi chini ya milibari 6 na maji hayana tena nafasi ya kuwa kioevu: barafu hugeuka mvuke moja kwa moja. Mashine ya kukausha kwa kugandisha haifanyi muujiza mwingine.

Kazi huanzia kwenye friza, na hapo ndipo bidhaa nyingi huharibikia. Bidhaa lazima ishuke hadi nyuzi 40 chini ya sifuri au zaidi. Kabla ya kufika hapo, rojo la embe huonekana limeganda kama jiwe, kumbe katikati ya fuwele za barafu mna sharubati nzito iliyo laini bado. Likiingizwa kwenye ombwe, yaani chumba kilichoondolewa hewa, hutoa mapovu, hufura, kisha hunywea na kung'ang'ania trei kama gundi. Kuongeza muda wa kukausha hakusaidii kitu, limeshaharibika.

Baada ya kugandisha, pampu hushusha shinikizo hadi kati ya milibari 0.1 na 1. Wengi hudhani pampu ndiyo inayonyonya maji. Sivyo. Kwa milibari 0.1, gramu moja tu ya barafu hutoa mvuke wa zaidi ya lita 10,000, mzigo usiobebeka kwa pampu ya kawaida. Kinachounasa mvuke ni kondensa, yaani koili zenye baridi ya nyuzi 50 hadi 80 chini ya sifuri, ambako mvuke huganda upya. Koili zikilemewa na barafu, mvuke hupenya hadi kwenye pampu na oili yake hugeuka nyeupe kama maziwa. Ukiona hivyo, badilisha oili, yeyusha barafu ya kondensa, na ukague raba ya mlango.

Ajabu ni kwamba mashine hii ya baridi lazima ipashwe joto. Kilo moja ya barafu humeza karibu kilojuli 2,800 ili iwe mvuke, kwa hiyo rafu zinazobeba trei hupashwa polepole. Ukizidisha, barafu huyeyuka na umbo huporomoka. Ukipunguza, kazi hukokota kwa siku kadhaa. Joto la bidhaa likipanda na kulingana na la rafu, barafu imekwisha. Hata hivyo usifungue mlango: kuna maji yaliyoshikamana na chembe zenyewe, na hayo hutoka kwa nyuzi 20 hadi 40, mpaka unyevu ubaki asilimia 1 hadi 3.

Stroberi na kahawa hukauka vizuri. Parachichi lina mafuta, na mafuta hayatoki kwa njia hii. Yakikutana na hewa huchacha, hivyo pakiti lazima izuie hewa, mwanga na unyevu. Pia mchakato huu hauui vijidudu. Maabara huutumia kuhifadhi bakteria wakiwa hai, kwa hiyo tunda lililooshwa ovyo litabaki na uchafu wake.

Kwa chanjo, gharama ya mashine hujilipa. Chanjo za surua, kifua kikuu na homa ya manjano huja zikiwa unga mkavu, sawa na chanjo nyingi za kideri cha kuku. Ukavu hauondoi haja ya baridi: aghalabu huhifadhiwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Chanjo ya surua ikishachanganywa na kimiminika chake hutumika ndani ya saa 6, kisha inayobaki hutupwa. Mfugaji anayechanganya chanjo ya kideri kwenye maji ya kunywa asitumie maji ya mfereji yenye klorini, kwani huua virusi vya chanjo. Ikibidi kuyatumia, atangulize gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, akoroge, angoje kidogo, ndipo aweke chanjo.