Vielelezo vya chakula katika ushauri wa lishe na utafiti wa kuhifadhi vyakula

Mshauri wa lishe anayefanya kazi katika kituo cha afya, awe Unguja au Pemba, hapati taabu kumfanya mtu ataje alichokula jana. Wali, mchuzi wa samaki, kisamvu na chungwa hutajwa bila kusita. Taabu huanza anapouliza kiasi, kwa sababu majibu ya "cha kawaida" na "kidogo tu" hayawezi kuingizwa katika hesabu ya wanga, chumvi wala madini ya chuma. Ili kuipunguza taabu hiyo hutumika vielelezo vya chakula, yaani vitu vilivyotengenezwa kwa plastiki, mpira, nta, udongo au karatasi, vikafanana na chakula chenyewe kwa umbo, rangi na ukubwa. Maabara za uhifadhi wa chakula nazo zina vielelezo vyao, ingawa kwa macho havifanani na chakula hata kidogo: ni jeli, au tope la udongo maalumu, vinavyokaa mahali pa samaki, nyama au maharage wakati wa kupima joto, baridi na ukaukaji. Aina zote mbili zinafuata sharti moja, nalo ni kwamba kielelezo huaminika kwa ile sifa tu iliyopimwa na kulinganishwa na chakula halisi.

Tuanze na vya ushauri. Seti nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya meza za Ulaya na Marekani, na ndani yake hukuti muhogo wa nazi, shelisheli, majimbi, boko boko wala mkate wa mofa. Watu huchukulia upungufu huu kuwa ni wa utamaduni peke yake, lakini mimi nauhesabu kwanza kuwa upungufu wa kipimo. Mshauri anayeshika kiazi cha plastiki na kumwambia mgonjwa akichukulie kuwa ni shelisheli ameshaharibu hesabu, kwani uzito wa kipande, maji yaliyomo na namna kinavyokatwa jikoni vyote ni tofauti. Afadhali vielelezo vichache vilivyotoka katika masufuria yetu na kupimwa vizuri kuliko sanduku zima la vyakula ambavyo mgonjwa havijui.

Kutengeneza kielelezo cha wali, kwa mfano, huanza na mizani kabla ya rangi. Wali unaopakuliwa kwa upawa katika nyumba kadhaa hupimwa uzito na ujazo, kisha hutafutwa wastani, kwa sababu kikombe cha mililita 250 cha wali uliopikwa kinaweza kubeba gramu 160 kama umechambuka na kukaribia gramu 200 kama umeshindiliwa au umepikwa na maji mengi. Baada ya hapo ndipo umbo linapofinyangwa kwa karatasi iliyolowekwa na gundi, likakaushwa na kupakwa rangi, na chini yake ukaandikwa uzito na ujazo wa wali unaowakilishwa. Maandishi hayo ya chini ndiyo yanayokifanya kiwe chombo cha kazi. Bila ya hayo ni pambo. Wazo lenyewe si geni kwa Wazanzibari, ambao kila mwisho wa Ramadhani hutoa zakatul-fitri kwa pishi, kipimo cha ujazo ambacho kwa mchele kwa kawaida huhesabiwa kuwa kiasi cha kilo mbili na nusu.

Vyakula visivyo na umbo la chombo vinahitaji ujanja zaidi. Andazi haliwezi kupimwa ujazo kwa kulitosa ndani ya maji, kwani litayanyonya. Njia inayotumiwa na wapimaji wa mikate ni ya mbegu ndogo kavu, na hapa kwetu mtama unafaa kabisa. Bakuli hujazwa mtama hadi ukingoni na kusawazishwa kwa rula bila kushindiliwa, kisha mtama wote humiminwa kando. Andazi huwekwa katika bakuli lililo tupu, mtama ule ule hurudishwa taratibu mpaka bakuli lijae, na kusawazishwa tena. Mtama unaobaki nje hupimwa katika silinda yenye alama za mililita, na huo ndio ujazo wa andazi. Kazi hii hurudiwa mara kadhaa kwa maandazi tofauti, na kila andazi hupimwa uzito pia, kwa kuwa andazi lililoumuka vizuri na lile lililokaa zito huweza kulingana kwa ukubwa huku moja likiwa na unga na mafuta mengi zaidi. Kielelezo kinachoonyesha ukubwa bila kutaja uzito humpotosha mshauri pale pale anapodhani kinamsaidia.

Kuna jambo moja ambalo vielelezo vya sahani haviliwezi kabisa, nalo ni sinia. Familia nyingi hula pamoja, na hakuna sahani ya mtu mmoja ya kulinganishwa na chochote. Mtafiti anayemwonyesha mama vielelezo vitatu vya sahani, ndogo, ya kati na kubwa, atapata jibu kwa sababu mama ni mstaarabu na ameulizwa, lakini jibu hilo halina msingi. Katika hali hii ni bora kuuliza kwa tonge: anayehojiwa anaombwa achukue tonge la wali halisi kama anavyochukua kwake, tonge hilo linapimwa, kisha anaulizwa alikula matonge mangapi kwa makadirio na sinia lilikuwa na watu wangapi. Watoto wanaokula sinia moja na wakubwa wahesabiwe peke yao, kwa kuwa tonge lao ni dogo na mara nyingi samaki huwafikia mwisho. Hata kwa njia hii makosa hayaishi. Inajulikana katika tafiti za ulaji kwamba watu huelekea kuongeza makadirio ya vyakula walivyokula kidogo na kupunguza ya vile walivyokula kwa wingi, na kielelezo hupunguza kosa hilo bila ya kuliondoa.

Jambo jingine ambalo vielelezo haviliwezi ni uzito wa uji, yaani uwe mzito au mwepesi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 huanzishwa kwa vijiko viwili au vitatu vya chakula katika kila mlo, kiasi kikaongezwa taratibu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 hadi 11 hupewa nusu kikombe, na kuanzia miezi 12 hadi 23 hufikishwa robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Bakuli lenye mstari uliochorwa kwa kila umri huonyesha kiasi hicho vizuri sana. Lakini bakuli hilo likijazwa uji mwepesi wa kunywewa, mtoto atashiba maji, na hakuna plastiki itakayomwonyesha mama tofauti hiyo. Uji unaofaa hubaki juu ya kijiko kinapoinamishwa badala ya kumwagika mara moja, na hili lifundishwe kwa uji wenyewe, uliopikwa mbele ya akina mama. Ninawashauri wenzangu waweke vielelezo kabatini siku hiyo.

Palipo na faida isiyo na shaka ni katika ushauri wa kisukari, hasa kabla na wakati wa Ramadhani, ambapo si vyema kuweka chakula halisi mbele ya waliofunga. Vielelezo vya futari, yaani viazi vitamu vya nazi, tambi, kachori na kaimati zenye shira, humwezesha mgonjwa kupanga sahani yake mezani na mshauri akamrekebisha papo hapo. Chupa ya soda ya mililita 350 iliyooshwa na kutiwa sukari kavu kwa kiasi kile kile kilichokuwamo, takriban gramu 37, huonekana vizuri zaidi kuliko maelezo ya nusu saa. Katika skuli za maandalizi tahadhari ni nyingine: vielelezo vidogo huingia kinywani, rangi zisizojulikana asili yake zisitumike, na kila kimoja kioshwe kwa sabuni baada ya darasa.

Tukija maabara, sababu ya kuhitaji kielelezo ni kwamba chakula halisi hakijirudii. Dagaa wa leo si wa kesho; ukubwa, mafuta na chumvi iliyotumika kuwachemshia hubadilika, na mtafiti anayetaka kujua iwapo chanja ya juu ya kikaushio hukausha haraka kuliko ya chini hawezi kujua tofauti aliyoiona imetokana na kikaushio au na samaki. Jeli iliyotengenezwa kwa kipimo kimoja huondoa utata huo. Mfano maarufu ni mchanganyiko uliobuniwa Karlsruhe, Ujerumani, ambao hadi sasa hutumika kutengeneza vifurushi vya kupimia majokofu ya biashara: katika kila kilo moja huwa na takriban gramu 764 za maji, gramu 230 za selulosi iliyobadilishwa kikemia na gramu 5 za chumvi, pamoja na dawa kidogo ya kuzuia kuoza. Huganda karibu na nyuzi −1 za Selsiasi, kama nyama isiyo na mafuta, na unaweza kutumiwa tena na tena.

Kwa vyakula vya kopo na chupa hutumika udongo wa bentonaiti. Tope lake la asilimia 1 husambaza joto kwa kuzunguka ndani ya kopo, kama ifanyavyo juisi. La asilimia 5 hutulia, na joto hupenya polepole hadi katikati, kama katika nyanya ya kopo iliyo nzito. Waya wa kipimajoto huwekwa mahali panapochelewa kupata moto, kwa kuwa hapo ndipo usalama unapoamuliwa. Hata bakteria ana kielelezo chake: badala ya kucheza na Clostridium botulinum, ambaye sumu yake huua, wataalamu hutumia Clostridium sporogenes aina ya PA 3679, asiyetoa sumu hiyo na ambaye mbegu zake, yaani chembe ngumu anazojihifadhia, huhimili moto zaidi, ili kosa likitokea liwe upande wa usalama. Mbegu za botulinamu hazifi kwa kuchemsha katika nyuzi 100. Zinahitaji mvuke wa shinikizo wa nyuzi 121. Achari ya embe au ndimu huwa salama kwa sababu ya ukali wake, mradi kipimo cha pH kiwe chini ya 4.6. Samaki au maharage ya nazi yaliyofungwa katika chupa na kuchemshwa jikoni hayana kinga hiyo, na anayefikiria kuyauza hivyo aache.

Kuhusu dagaa, hewa ya visiwa hivi inastahili kutazamwa kuliko jua. Hakuna kiumbe kinachoota katika chakula ambacho kiwango cha maji huru ndani yake, yaani maji ambayo vijidudu huweza kuyatumia, kimeshuka chini ya 0.6 katika kipimo cha 0 hadi 1, kiwango kinacholingana na hewa yenye unyevu wa asilimia 60. Hewa yetu mara nyingi hupita asilimia 75. Kila jiko la Zanzibar lina ushahidi wake: chumvi ya kawaida huanza kujiyeyusha yenyewe unyevu ukipita takriban asilimia 75, ndiyo maana wakati wa masika kikopo cha chumvi hulowa, na maabara hutumia chumvi iliyokolea maji ndani ya chombo kilichofungwa kurekebishia vifaa vya kupima maji huru. Dagaa waliokauka vizuri wakiachwa katika gunia wazi watavuta unyevu huo huo mpaka ukungu uwakubali. Vipande vya jeli ya agari (kigandishi kitokanacho na mwani) vyenye uzito sawa, vikipangwa katika kila pembe ya kikaushio na kupimwa kila baada ya muda, huonyesha wapi hewa inakwama. Hayo ndiyo yote vinavyoweza kusema. Jeli haina ngozi, haina mafuta yanayochacha, na haina ile asidi ya amino ambayo bakteria huigeuza kuwa histamini, kitu kinachomdhuru mlaji, katika jodari na vibua. Sanduku la barafu linaweza kufaulu mtihani wa jeli kwa ubaridi wake na bado likapokea samaki aliyekwisha kukaa juani ngalawani, na histamini ikishatengenezwa haiondolewi kwa kupika. Kwa hiyo kila jaribio la jeli lifuatwe na jaribio la samaki mwenyewe, na barafu isipungue kilo moja kwa kila kilo ya samaki.

Malighafi ya jeli nyingine ipo ufukweni. Mwani wa kotonii hutoa karajinani (kigandishi kingine cha mwani) ya aina ya kappa, ambayo ikikutana na potasiamu huganda imara na kukatika vipande safi. Ule wa spinosamu hutoa aina ya iota, ambayo jeli yake ni laini na inayonyumbuka. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba na kusafirishwa ukiwa mkavu bila kusindikwa, hivyo kilo chache za majaribio si gharama kubwa kwa maabara ya hapa. Jeli inayopatikana kwa kuchemsha mwani mbichi tu hutofautiana kutoka fungu hadi fungu, na kila fungu linapaswa kupimwa maji, chumvi na ugumu kabla ya kutumika. Pia kuna mpaka wa joto: vikaushio vya kabati hufanya kazi katika nyuzi 50 hadi 60, na jeli ya kappa yenye potasiamu kidogo huweza kulegea katika joto hilo, vipande vikashikana na chanja na uzito wake kukosa maana. Potasiamu iongezwe na kipande kimoja kijaribiwe kwanza usiku kucha ndani ya kikaushio. Kikiharibika, itumike agari, ambayo ikishaganda haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 85.