Eti "mtaa ndo umemharibu mtoto"

Kijana akikamatwa na simu ya watu, kijiweni utasikia kauli mbili. Wengine mtaa ndo umemharibu, wengine mtaa hauna kosa, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, basi. Watabishana hadi kahawa ipoe na kiukweli wote wamekosea kidogo.

Tuanze na hao wa malezi ya nyumbani yanatosha. Kuanzia 1994 Wamarekani walifanya jaribio linaitwa Moving to Opportunity, wakachukua familia kama 4,600 zinazoishi kwenye nyumba za serikali, mitaa iliyochoka ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, wakapiga kura ya bahati nasibu kabisa, wengine wakapewa vocha ya kupanga nyumba kwa sharti wahamie mtaa wenye maskini chini ya asilimia 10, wengine vocha isiyo na sharti hilo, wengine patupu. Kwa kuwa ni kura, huwezi kusema walioshinda walikuwa wazazi wanaojielewa zaidi. Mwaka 2015 wachumi Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz wakafukua rekodi za kodi, wakakuta watoto waliohamia mitaa ile kabla ya kufika miaka 13 wanaingiza kipato karibu asilimia 31 zaidi walipofika miaka ya ishirini na kitu, na chuo walienda wengi zaidi. Mama yule yule, ugali ule ule (haya, mkate), mtaa tu ndo umebadilika.

Sasa usikimbilie kupakia godoro kwenye kirikuu. Dhana ya pili ni kwamba ukishahama mtoto ananyooka. Waliohama wakiwa wakubwa hawakuiona faida hiyo, tena dalili zinaonyesha walirudi nyuma kidogo, na mi wala sishangai, mtu wa form two unamng'oa kwa washkaji zake wote unamtupa sehemu hata wa kumpigia pasi hana. Mtaa unamuingia mtoto taratibu, mwaka kwa mwaka. Halafu hauwaingii wote sawa, maana vipimo vya mwanzo vilionyesha wasichana waliohama wametulia zaidi kiakili ila wavulana wakawa wanakamatwa zaidi kwa makosa ya mali.

Dhana inayoniudhi mimi ni hii ya uswazi = wahuni, ushuani = adabu. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Sampson na wenzake walihoji wakazi zaidi ya 8,700 wa mitaa 343 ya Chicago, matokeo yakatoka 1997. Waliwauliza vitu vya kawaida tu, watoto wakitega shule wakakaa kwenye kona, jirani yako ataingilia? Mitaa ambayo watu wanaaminiana na wako tayari kuingilia ilikuwa na vurugu chache, hata ukishaweka umaskini kwenye hesabu. Kwa hiyo geti kali na ukuta wenye chupa juu vinaweza visikusaidie kitu kama hata jina la jirani hulijui. Sisemi turudishe enzi za kuchapwa na mama wa nyumba ya tatu halafu ukifika home unaongezewa, hapana, ile ilizidi. Nasema yule mangi wa dukani, saa nne asubuhi dogo kaja na sare kununua barafu, anamshikilia chenji anamuuliza, "We, leo hamna shule?"